Kutoka gari la umeme hadi haibridi ya kuchaji: jibu kwa mwalimu wa Syokimau

SWALI: Habari za kazi, Mhandisi. Mimi ni mwalimu wa chuo, naishi Syokimau na kufundisha Westlands, mwendo wa kilomita 44 kwenda na kurudi, siku 22 kwa mwezi. Ninaendesha Nissan Leaf ya mwaka 2018 yenye betri ya kilowati-saa 40, ambayo naichaji nyumbani. Kila mwezi nasafiri hadi Wundanyi kumchukua mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, na kumpeleka kliniki Voi. Zamani betri ikijaa nilikuwa nafika kilomita 230, sasa kwenye barabara kuu sipati zaidi ya 170, na kati ya mistari 12 ya afya ya betri miwili imezimika. Mwezi uliopita nililala Mtito Andei nikichaji kwenye soketi ya nyumba ya wageni. Nimeona Mitsubishi Outlander PHEV kutoka Japani, na kilomita tatu za mwisho za kufika kwetu ni matope wakati wa mvua. Je, nibadilishe? Uwezo wangu ni wa gari moja tu.

JIBU: Mwalimu, pole kwa usiku wa Mtito Andei. Kabla ya kuzungumzia gari jipya, tuelewe kwanza kilicholipata hili ulilo nalo, kwa sababu watu wengi huuza gari la umeme wakidhani limeharibika, kumbe ni uzee wa kawaida wa betri. Katika Leaf, mstari wa kwanza huzimika betri ikiwa imeshapoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na kila unaofuata huondoka na asilimia 6 hivi. Kwa hiyo betri yako imebaki na kati ya asilimia 73 na 79, yaani kilowati-saa 29 au 30 za kutumia. Katika mwendo wa barabara kuu gari hilo hula takriban kilowati-saa 17 kwa kila kilomita 100, na ukigawanya utapata zile kilomita 170 ulizoniandikia. Hakuna hitilafu iliyojificha. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza kwa maji wala kwa gesi, hupoa kwa hewa inayoizunguka tu, na ndiyo maana huzeeka upesi kwenye joto kuliko betri za magari mengine mengi ya umeme.

Tatizo lako, basi, ni barabara. Kutoka Nairobi hadi Voi ni kilomita 330 hivi, na mwinuko unashuka kutoka takriban mita 1,600 hadi karibu mita 600, ambao wakati wa kurudi itakubidi uupande. Kuinua gari na abiria wake, tani 1.8 kwa pamoja, kwa mita 1,000 kunahitaji kilowati-saa 5 kabla hujahesabu msuguano wa tairi wala upepo, na kiasi hicho ni karibu moja ya sita ya betri uliyobaki nayo. Ndiyo maana unaporudi kilomita huyeyuka kuliko unapokwenda. Ukitaka kufika Voi salama utahitaji kuchaji mara mbili njiani, na Leaf inayochajiwa kwa kasi mara mbili mfululizo siku ya joto huipasha betri yake kiasi kwamba gari lenyewe hupunguza kasi ya chaji ya pili ili kujilinda. Isitoshe, kwa chaji ya kasi gari lako hutumia mdomo wa CHAdeMO, ambao hata Nissan yenyewe iliuacha ilipotoa Ariya kwa masoko ya Ulaya na Marekani, kwa hiyo usitegemee kwamba vituo vya mdomo huo vitaongezeka sana.

Haibridi ya kuchaji, ndiyo maana ya PHEV kwenye jina la Outlander, ni gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, na betri yake ni kubwa kiasi cha kutosha kuchajiwa kwenye soketi ya ukutani. Usiichanganye na Toyota Aqua au Nissan Note e-Power, ambazo hazina pa kuchomeka waya, na umeme wake wote hutokana na petroli uliyonunua. Nasisitiza hili kwa sababu wauzaji huyaita yote haibridi, na mnunuzi hugundua tofauti akiwa nyumbani anatafuta mdomo wa kuchajia.

Outlander unayoifikiria ina mota mbili, moja mbele na moja nyuma, na haina gia kama magari ya kawaida. Katika mwendo wa mjini, betri ikiisha, injini huwaka na kuzungusha jenereta, na magurudumu huendelea kuvutwa na mota. Katika mwendo wa kasi wa barabara kuu injini hushikana na magurudumu ya mbele moja kwa moja, kwa kuwa hapo kupitisha nguvu kwenye jenereta kungepoteza petroli bure. Toleo lililoanza kuuzwa Japani Agosti 2018 lina injini ya lita 2.4 na betri ya kilowati-saa 13.8, na hilo ndilo ninalokushauri ulitafute, si lile la awali la lita 2.0 na kilowati-saa 12. Sheria ya Kenya ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza itakusukuma huko hata hivyo.

Sasa fedha, na hapa naomba tuende polepole. Nachukua bei za mfano, Sh28 kwa uniti ya umeme, yaani kilowati-saa moja, na Sh180 kwa lita ya petroli, nawe utaweka za siku utakayonunua. Leaf yako mjini, ukijumlisha umeme unaopotea wakati wa kuchaji, hula takriban uniti 17.5 kwa kilomita 100. Kilomita zako 970 za kazini kwa mwezi ni uniti 170, sawa na Sh4,760. Outlander ni nzito zaidi, na iliyotumika miaka kadhaa huwa imepunguka betri, kwa hiyo usitegemee zaidi ya kilomita 32 za umeme kwa chaji moja, hata kama karatasi ya muuzaji imeandika 65, kipimo cha Kijapani ambacho hakifanani na msongamano wa Mombasa Road. Ukiichaji nyumbani kila usiku utaendesha kilomita 704 kwa umeme, uniti 176 hivi, Sh4,930, na kilomita 266 zilizobaki zitakula lita 21 za petroli, karibu Sh3,800. Gharama ya kwenda kazini inakaribia kuwa maradufu. Safari ya Wundanyi, kilomita 740 kwenda na kurudi, itataka lita 63 hivi, yaani zaidi ya Sh11,000. Jumla ni takriban Sh20,000 kwa mwezi. Ukipata soketi ya kuchomeka mchana pale chuoni, zile Sh3,800 za petroli zinageuka kuwa umeme wa karibu nusu ya gharama hiyo, hivyo zungumza na msimamizi wa majengo kabla hujazungumza na muuzaji wa gari.

Hesabu hizo zote zinasimama juu ya sharti moja, kwamba utachaji kila usiku bila kukosa. Aliwahi kuniletea Outlander mteja aliyelalamika kwamba gari lake "la umeme" linakunywa kuliko gari lake la zamani. Nilipofungua buti nikakuta waya wa kuchajia umekunjwa ndani ya mfuko wake, na kamba ya plastiki iliyoufunga haijawahi kukatwa. Kwa mwaka mzima alikuwa akibeba betri ya karibu kilo 200 kama mzigo, na injini ikiivuta kutoka Thika hadi mjini kila asubuhi. Gari halikuwa na kosa lolote. Nilimkatia ile kamba, nikampa waya mkononi, na tukatembea pamoja hadi kwenye soketi.

Usinunue Outlander yoyote kabla ya kupima betri. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi na programu ya PHEV Watchdog kwenye simu vitakuonyesha uwezo uliobaki kwa amperi-saa. Betri hiyo ina takriban volti 300, kwa hiyo ilipokuwa mpya ilihifadhi amperi-saa 46 hivi. Ukisoma 37, imebaki asilimia 80, na mimi ningeikubali. Ukisoma 30, imebaki asilimia 65, ambazo ni kilomita 25 au pungufu, na hapo unanunua gari la petroli lenye kiburi cha umeme. Kilomita kwenye dashibodi hazitoshi kukuambia hili, kwa kuwa nimeona gari lililotembea kidogo lakini likachajiwa mara nyingi likiwa hoi kuliko lililotembea sana. Ikiwa unaagiza moja kwa moja kutoka Japani, mwombe wakala kipimo hicho kwa picha, yenye namba ya chesisi ikionekana. Mwombe pia hesabu kamili ya kodi mapema: punguzo la ushuru wa bidhaa kutoka asilimia 20 hadi 10 lililopitishwa mwaka 2019 lilikuwa la magari yanayotumia umeme pekee, na haibridi ina injini.

Soketi yako ya Leaf itatumika, lakini iangaliwe. Kuchaji kunavuta amperi 10 kwa saa nyingi mfululizo, jambo ambalo pasi au birika havifanyi. Nimeshafungua soketi ya pini tatu iliyokuwa inang'aa kwa nje, na ndani tundu la laivu limegeuka rangi ya kahawia na plastiki yake imeanza kulainika, kwa sababu skrubu moja haikukazwa. Gusa plagi baada ya saa moja ya kuchaji: vuguvugu ni sawa, ikikuunguza zima na uite fundi. Waya unaokuja na gari la Kijapani umetengenezwa kwa volti 100 au 200, na umeme wetu ni wa volti 240, kwa hiyo nunua waya ulioandikwa volti hizo, wenye mdomo uleule wa duara unaotumia kwenye Leaf. Outlander itajaa kwa saa sita hivi.

Safarini kuna kitufe kimoja utakachokipenda, kilichoandikwa SAVE. Ondoka Syokimau betri ikiwa imejaa, na ukishaingia barabara kuu kibonyeze, ili injini ifanye kazi ya tambarare, ambayo inaiweza vizuri, na umeme ubaki kwa ajili ya mlima. Kutoka Voi kupitia Mwatate hadi Wundanyi unapanda zaidi ya mita 800, na hiyo peke yake ni kilowati-saa 4 hadi 5 kwa gari zito kama hilo. Wanaofika chini ya mlima na betri tupu husikia injini ikilia kwa nguvu huku gari likipanda kwa uvivu, wakadhani limepata ugonjwa. Wakati wa kumshusha mama kliniki, achia mota zishike gari badala ya breki, na utafika Mwatate ukiwa umerudishiwa sehemu ya ule umeme.

Utarudi pia kwenye mambo uliyoyasahau: oili, chujio, plagi za injini, maji ya radieta. Oili ibadilishwe kwa muda hata kama injini imewaka mara chache. Petroli nayo huzeeka ndani ya tangi, ndiyo maana watengenezaji wanataka uongeze angalau lita 15 kila miezi mitatu, ingawa kwa safari zako hilo halitakusumbua. Nyaya za rangi ya machungwa, kama ulivyozoea kwenye Leaf, zisiguswe na fundi ambaye hakufundishwa kazi ya umeme wa volti kubwa.

Nilifikiria kukushauri Toyota Prius PHV ya kuanzia mwaka 2017, yenye betri ya kilowati-saa 8.8. Ni nyepesi, ingekupeleka kazini na kukurudisha karibu yote kwa umeme, na safari ya Wundanyi ingetumia petroli chini ya lita 40. Kwa hesabu pekee inashinda. Lakini imelala chini, na mtu mwenye magoti mabovu huingia ndani yake kwa kujitupa na hutoka kwa kuvutwa mikono. Nilifikiria pia treni, kwa kuwa kituo cha Nairobi kiko hapo Syokimau na treni inayosimama kila kituo hupita Voi, ila bado ungehitaji gari la kupanda na kushuka mlima siku hiyo hiyo. Kwa matope yale, kwa mama, na kwa kuwa safari ni ya kila mwezi, jibu langu ni ndiyo, badilisha, uchukue Outlander ya 2.4 iliyobaki na asilimia 80 ya betri au zaidi. Ukikosa ya namna hiyo, subiri meli nyingine.

Leaf yako usiiuze kwa bei ya kutupa. Kwa mtu anayeishi na kufanya kazi Nairobi, kilomita 170 ni siku tatu za kwenda kazini. Ipime kwa programu ya LeafSpy, uchapishe ukurasa unaoonyesha afya ya betri, umwambie mnunuzi wazi kuhusu ile mistari miwili na safari ambazo gari hilo haliwezi, kisha umkabidhi ukurasa huo pamoja na waya wa kuchajia.