Kabla ya Kuwaonyesha Wenzako Mradi Wako wa Pembeni

Kila anayeanza kazi ya kutengeneza programu hufikia siku ambayo mradi wake wa pembeni, ule anaouandika usiku na mwishoni mwa juma, unaanza kufanya kazi, naye hutamani wenzake wauone. Kwa kawaida huahirisha. Hujiambia kwamba ataongeza kwanza sehemu ya kuingia kwa nywila, kisha mandhari ya giza, kisha toleo la simu, na miezi inapita kabla ya mtu mwingine yeyote kuugusa. Nimesoma na kujaribu miradi mingi ya wenzangu, na ushauri wangu ni kwamba uonyeshe mapema, ila kwa namna itakayomwezesha mgeni kukusaidia, kwa sababu anayekuja kuutazama mradi wako hadaiwi chochote na wewe, na atakupa dakika chache tu.

Dakika hizo huanzia kwenye sentensi ya kwanza. Wengi huandika: "Nimetengeneza programu ya kusimamia matumizi kwa React, Node na PostgreSQL." Hapo msomaji ameambiwa zana zilizotumika, hajaambiwa kazi inayofanyika. Linganisha na hii: "Programu hii inasoma faili ya CSV ya taarifa ya benki, inapanga malipo kwa aina na kuonyesha jumla ya kila mwezi, data yote inabaki kwenye kompyuta yako." Sentensi ya pili inaeleza kinachoingia, kinachotoka, na pia inajibu swali ambalo mtu makini angeuliza kabla ya kuikabidhi programu asiyoijua taarifa za fedha zake. Zana ulizotumia zitajwe chini, kwa ajili ya wanaotaka kuchangia msimbo. Binafsi, nikikutana na sifa kama "ya kisasa" na "yenye nguvu" kabla ya kujua programu inafanya nini, huacha kusoma hapo hapo.

Sehemu inayowaangusha wengi zaidi ni maelekezo ya kuiendesha programu. Kwenye mashine yako kila kitu kipo: hifadhidata imekwishaundwa, vigeu vya mazingira (mipangilio ambayo programu huisoma kutoka nje ya msimbo) viliwekwa siku nyingi zilizopita, na toleo la Node ni lile lile ulilolizoea. Mgeni hana hata kimoja kati ya hivyo. Jaribio la kweli ni kuuchukua mradi kutoka kwenye hazina yake ya Git, yaani mfumo unaotunza kila toleo la msimbo, kuuweka kwenye kompyuta nyingine au kwenye kontena tupu ya Docker (mazingira yaliyotengwa yasiyo na kitu ulichoweka awali), kisha kuifuata faili ya README, ile yenye maelekezo ya mradi, neno kwa neno bila kuongeza chochote unachokijua kichwani. Mara nyingi kasoro hujitokeza kwenye amri ya pili au ya tatu: programu inagoma na kulalamika kwamba DATABASE_URL, yaani anwani ya hifadhidata, haina thamani, ilhali README haikutaja popote kwamba kigeu hicho kinahitajika. Dawa yake ni nyepesi. Weka faili ya mfano, ambayo kwa mazoea huitwa .env.example, yenye majina ya vigeu vyote na thamani za kubuni, na uifanye programu itoe ujumbe unaomwambia mtu afanye nini, badala ya kumwaga skrini nzima ya makosa ya ndani. Ikiwa mradi ni wa wavuti, kiungo cha kuujaribu bila kujisajili kitavuta watu wengi kuliko maelekezo yoyote. Na humo ndani kuwe na data ya mfano, maana jedwali tupu halimwonyeshi mtu kitu.

Kabla ya kuifungua hazina kwa umma, pekua historia yake yote, si faili za leo pekee. Git hutunza kila hali iliyowahi kurekodiwa, kwa hiyo ufunguo wa API (neno la siri linaloiruhusu programu kutumia huduma ya nje) ulioufuta jana bado unasomeka katika rekodi ya juzi, na zipo programu zinazozunguka kwenye hazina za wazi zikiwinda funguo za namna hiyo. Ufunguo ukishavuja, ubatilishe kwanza kwa mtoa huduma na uchukue mwingine, ndipo usafishe historia ukipenda. Wengi hufanya kinyume: huhangaika kufuta rekodi huku ufunguo wenyewe ukiendelea kufanya kazi.

Kuhusu leseni nitasema machache. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, haki hiyo huanza bila kusajiliwa, hivyo msimbo uliowekwa hadharani bila leseni unabaki wako, na mtu anayeheshimu sheria hawezi kuutumia katika kazi yake. Leseni za MIT na Apache 2.0 huruhusu msimbo wako uingizwe hata katika bidhaa zilizofungwa, ambazo msimbo wake hauonyeshwi. Leseni ya GPL hudai kwamba anayesambaza programu iliyotokana na yako aisambaze kwa masharti yale yale. Kama umeajiriwa, soma pia mkataba wako wa kazi, kwa kuwa baadhi ya mikataba humpa mwajiri haki juu ya kilichotengenezwa kwa vifaa vyake au kwa saa zake.

Baada ya hayo, uliza swali linalojibika. "Naomba maoni" huzaa pongezi mbili na ukimya. Mfano ninaoupenda ni ujumbe ambao Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, aliwaandikia watumiaji wa Minix, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, tarehe 25 Agosti 1991. Aliwaambia kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure, kwamba ni wa kujifurahisha tu na hautakuwa mkubwa, akataja programu mbili zilizokwisha kufanya kazi juu yake, yaani bash (ya kupokea amri) na gcc (ya kugeuza msimbo kuwa programu), akakiri kwamba mfumo hauhamishiki kwenye mashine za aina nyingine, kisha akauliza watu wanapenda nini na hawapendi nini katika Minix. Akaongeza kwamba mapendekezo yanakaribishwa ila haahidi kuyatekeleza. Umashuhuri wa Linux, kama mfumo huo ulivyokuja kuitwa, umewafanya watu waukumbuke ujumbe ule kwa unyenyekevu wake, lakini mimi naona thamani yake iko katika uandishi: hali ya kazi, mipaka yake, swali moja, na hakuna ahadi. Toleo la 0.01 lililofuata mwezi Septemba lilikuwa na mistari 10,000 hivi ya msimbo.

Majibu yakija, yapime kwa kuangalia kama mwandishi wake ameiendesha programu. Anayekushauri uiandike upya kwa lugha ya Rust bila kuifungua, mshukuru na uendelee na kazi yako. Anayeomba kipengele kipya, muulize alikuwa anajaribu kufanya nini alipokihitaji, kwani mara nyingi jibu lake litakuonyesha tatizo tofauti na alilolitaja. Naye anayekuletea hitilafu pamoja na toleo alilotumia na hatua za kuirudia, mjibu siku hiyo hiyo, hata kama jibu lenyewe ni kwamba utaishughulikia Jumamosi.