Waulize Wenye Magari: Nauza Z yangu, nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nina Datsun 240Z ya 1972, niko nayo tangu 1991. Sasa magoti yamegoma, klachi naiona nzito na kuingia kwenye ile siti ya chini imekuwa shughuli, kutoka ndo usiseme. Watoto wanaipenda kwa kupiga picha tu, hakuna anayetaka kuihudumia, kwa hiyo nimeamua kuiuza. Rangi imefifia kwenye boneti na kuna kutu chini ya betri, niipige rangi upya kwanza? Halafu injini sio ya kwake, ya asili ilianza kula oili miaka ile tukafunga ya 280Z, ile ya zamani ipo stoo nimeifunika. Jamaa mmoja ananiambia ninyamaze maana nikisema tu bei inaanguka. Na hiyo bei napangaje? La mwisho, mpwa wangu anaitaka ila anataka bei ya undugu. – Mzee wa Z

JIBU: Shikamoo mzee wangu, pole na magoti. Tuanze na rangi maana hapo ndipo watu wanapochoma hela. Usipige rangi. Mnunuzi wa gari la aina hii akikuta rangi mbichi hafurahi, anajiuliza chini yake kumefichwa nini, na kwa 240Z ana haki ya kujiuliza kwa sababu bati lake linajulikana kwa kuliwa na kutu. Anayezijua hata boneti hafungui kwanza, analala chini na tochi na sumaku anakagua sakafu, anakagua mbavu za chini ya milango, nyuma ya matairi ya nyuma, kuzunguka mlango wa buti na hapo hapo chini ya betri ulipopasema, maana asidi ikimwagika inakula bati taratibu. Sumaku ikikataa kushika amejua kuna puti, ile inayojazwa palipoliwa bati. Rangi yako iliyofifia inamwonyesha kwamba hakuna aliyeficha kitu, na huenda yeye anataka rangi nyingine kabisa, kwa hiyo hela yako hairudi. Ioshe, ipige polishi, hiyo kutu ipige picha ya karibu na uiweke pamoja na picha nyingine za tangazo. Kama pametoboka, sema pametoboka.

Hela kidogo ya matengenezo iweke kwenye vitu vya kuwaka na kusimama, yaani breki, taa, handibreki na zile kabureta mbili zipigwe tyuni zifanye kazi sawa. Matairi angalia namba nne za mwisho pembeni, mfano 2309 maana yake wiki ya 23 mwaka 2009, tairi kama hilo hata kama kashata zake za kukanyagia bado zimejaa mpira umeshazeeka, badilisha au mwambie mnunuzi. Dashibodi ikiwa imepasuka iache, za 240Z nyingi zimepasuka kwa jua na mwenye kuzijua hashangai.

Injini, sema! Huyo jamaa yako anakupoteza. Chini ya boneti, pale injini inapokaa, kuna kibati kina namba ya chasisi na namba ya injini iliyotoka nayo kiwandani, inaanza na L24, halafu ubavuni mwa bloku iliyopo sasa pamegongwa L28. Mtu anahitaji dakika moja tu kulinganisha, na akigundua mwenyewe hataishia kwenye injini, ataanza kutilia shaka hata kilomita na hata hizo risiti zako. Ukitangulia kusema wala sio aibu, wenye Z wengi wamefunga hiyo ya lita 2.8 badala ya ile ya sentimita za ujazo 2,393 kwa sababu inakaa bila kukatakata gari, na wapo wanaoipendelea hivyo. Kinachoangusha bei ni injini ya asili kupotea, na wewe ya kwako unayo! Basi iende na gari. Usije ukakubali fundi aje kuibeba kwa hela ya vyuma chakavu, wala usiitangaze peke yake, hata ikiwa imekwama mnunuzi makini ataitaka kwa sababu namba zake zinalingana na kibati.

Kuna kitu kingine wauzaji wa Z wanapenda kuandika, eti gari la Safari Rally. Ni kweli 240Z ilishinda Safari mwaka 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews, na ni historia tamu kuipigia stori. Ila aliyeshinda sio gari lako. Mnunuzi anaijua hiyo historia kuliko unavyodhani, iache nje ya tangazo.

Badala yake toa faili. Mi naamini gari la zamani linauzwa na makaratasi yake nusu nzima, na wewe ukiwa nalo tangu 1991 lazima kuna boksi mahali. Panga risiti kwa miaka hata zile zenye mafuta ya mikono ya fundi, weka picha za zamani hasa za siku injini inabadilishwa, tafuta kitabu cha gari, funguo ya akiba, jeki na spana zilizokuja nalo. Afu kaa chini uandike kurasa mbili tatu za yale unayoyajua wewe tu, asubuhi ya baridi choki unavuta kiasi gani, gia ipi inataka subira, sauti gani ni ya kawaida na ipi ukiisikia usimame. Haya hakuna fundi atakayempa, na ndo maana nakushauri uuze sasa hivi ukiwa bado unaweza kukaa kiti cha pembeni ukamwonyesha mtu, kuliko liozee chini ya turubai halafu wanao waje kuliuza bila kujua hata choki iko wapi.

Bei. Usiangalie bei wanazoomba watu, angalia zilizolipwa. Gari linalotangazwa mwaka mzima kwa bei ile ile linakuambia kwamba bei hiyo hakuna anayeitoa. Nyumba kubwa za mnada huwa zinaweka wazi matokeo yake, tafuta 240Z zenye hali kama ya kwako, sio zile zinazong'aa kama kioo. Hagerty wanaofuatilia bei za magari haya wanayapanga madaraja manne, 1 ni la kwenye maonyesho ya kushindania tuzo na 4 ni linalotembea ila lina kasoro za wazi. Kila mwenye gari anajiona yuko 2. La kwako kwa maelezo yako ni 3, usinichukie mzee. Kama hujiamini lipa mthamini asiyenunua magari, maana dalali anayekuthaminia halafu akataka kununua yeye, hapo unajua mwenyewe.

Mnada ni mzuri gari likiwa na wapenzi wengi, ila uliza makato mapema na uweke bei ya chini ambayo ikikosekana gari linarudi nyumbani. Ukimwachia mtu akuuzie, andikishaneni: bima ni ya nani likiwa kwake na hela yako inatoka lini.

Mnunuzi akija kuangalia usiiwashe kabla hajafika. Injini ikiwa ya moto anajua kuna jambo umelificha, anataka aiguse ya baridi, awashe mwenyewe, aone moshi, wa bluu ni oili, mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto huenda maji yanaingia kwenye silinda. Mwache aje na fundi wake. Barabarani uanze kuendesha wewe, akishika yeye uwe umeshaiona leseni yake na bima inamhusu. Hela usipokee kwa picha ya simu, subiri benki yenyewe ithibitishe imeingia na imetulia, na akitokea mtu kakutumia nyingi kuliko bei eti umrudishie ziada, huyo ni tapeli. Umiliki ubadilishwe siku hiyo hiyo, usije kuletewa faini za mtu.

Sasa mpwa. Kama moyo wako unataka kumpa, mpe, iwe zawadi kabisa na usidai kitu. Lakini nusu zawadi nusu biashara mi siikubali, maana akiiuza mwakani kwa bei ya soko mtakuwa mnakutana kwenye harusi za ukoo mnaangaliana pembeni. Mpe upendeleo wa kuwa wa kwanza kuulizwa, bei ile ile, na muda wa kulipa mlioandikiana. Na awe mpwa au mgeni, ukishapokea hela huna amri tena, akitaka kulipaka njano ni lake. Unachoweza ni kuomba kwa maandishi kwamba siku akiliuza akuambie wewe kwanza.

SWALI: Dada mimi sio mtu wa magari. Marehemu baba katuachia MGB ya 1965, haijawashwa miaka mingi. Jirani anasema tuiungie betri ya gari lake tuone kama inawaka ndo tuiuze. Sawa? – Binti wa Mwisho

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Mzuie jirani kwanza! MGB za miaka hiyo waya wa chanya ndo umeungwa kwenye bodi, sio hasi kama magari mengi ya leo, na betri zake ni mbili za volti 6 nyuma ya siti. Akiunga kwa mazoea yake anaweza kuunguza vitu vya umeme ambavyo mpaka leo ni vizima. Afu petroli ya miaka hiyo imeshaharibika, imekuwa gundi ndani ya kabureta, na silinda zimekauka. Fundi anayeyajua magari ya zamani ndiye atoe plagi, adondoshee oili kwenye silinda, aache zilowe kisha azungushe injini kwa mkono aone kama imekwama, amwage mafuta yote na aangalie breki ndipo mengine yafuate.

Na kama hamna fundi wa hivyo, uzeni ikiwa haijawashwa na mseme haijawashwa. Wapo wanunuzi wanaotafuta ambazo hazijaguswa, hata vumbi wanataka walikute. Nyinyi shughulikeni na kadi ya gari na karatasi za mirathi, hizo ndo zinachelewesha.