Mkimwandika Kurt Eisner: maneno kwa wageni wa dawati

Wadogo zangu, rasimu za wasifu wa Eisner, yule waziri mkuu wa Bavaria aliyeshika madaraka Novemba 1918, zimerudi na makosa yaleyale ya waliowatangulia. Tusikilizane.

1. Hakuwa mkomunisti. Alikuwa SPD, chama cha kisoshalisti cha Ujerumani, tena upande wa wastani, hadi vita vilipomsukuma USPD, chama kilichojitenga nacho, mwaka 1917. Jamhuri ya Mabaraza ya Munich, ile serikali ya kimapinduzi mnayombandika, ilitangazwa Aprili 1919, yeye yuko kaburini tangu Februari. Angalieni kalenda, jamani.

2. "Freistaat", jina la Kijerumani ambalo Bavaria ilijiita, ni jamhuri, basi. Mkiandika "taifa huru la Bavaria", msomaji ataamini kwamba Novemba 1918 Bavaria ilijitenga na Ujerumani.

3. Hati za 23 Novemba 1918. Hapa mnapita mbio, na hapa ndipo penye kidonda. Wiki mbili tu tangu awe waziri mkuu, Eisner alichapisha dondoo za ripoti za ubalozi wa Bavaria mjini Berlin. Ile ya 18 Julai 1914 ilikuwa nzito kweli: Berlin ilijua masharti ambayo Austria ingeipa Serbia, na ilijua yangeleta vita. Akaifyeka. Sehemu zilizoonyesha kwamba Berlin ilitumaini vita visienee zikabaki sakafuni. Juu ya hayo, ikatoka kwa jina la balozi Lerchenfeld, ilhali aliyeiandika ni ofisa wake, von Schoen. Na Eisner si mwanagenzi! Alishahariri Vorwärts, gazeti la SPD, mpaka akatimuliwa pamoja na wenzake watano mwaka 1905, akahariri gazeti la Fränkische Tagespost kule Nürnberg, na kabla ya hapo alifungwa miezi 9 gereza la Plötzensee kwa makala iliyomgusa Kaisari. Mkasi aliujua. Angetoa ripoti nzima, hoja ingesimama vilevile. Wapinzani wakaacha kujadili vita, wakajadili mkasi. Hata mwaka 1922 mahakama ya Munich ilikuwa bado inasikiliza kesi ya kashfa juu ya dondoo zile, na katibu wa zamani wa Eisner, Felix Fechenbach, akashindwa.

Hati nzima kwenye faili, nukta tatu mnapokata, jina la mwandishi halisi.

4. Kura: USPD ilipata viti 3 kati ya 180 katika bunge la Bavaria, Januari 1919. Msimpambe.

5. "Alipinduliwa" futeni. 21 Februari 1919 alikuwa anatembea kwenda bungeni kujiuzulu, hotuba ameshaiandika, kabaila mmoja, Arco, akampiga risasi kwa nyuma.

Na ni Eisner. Eisler alitunga muziki.