Tindo ya springi: ikivunjika, usikimbilie kulaumu springi

Tindo iliyofuliwa kutoka springi kuukuu ya lori ikimeguka mdomo siku ya kwanza, lawama huenda kwa springi: "ilitoka kwenye gari bovu." Chukua kipande kilichomeguka, ukitazame juani pale kilipovunjikia. Ukiona chembe zinameta kama sukari, basi chuma kiliungua. Kilikaa kwenye moto wa njano hadi punje zake za ndani zikanenepa, na ufa hupita kirahisi kwenye punje nene. Kikiwa cha kijivu na laini kama mahameli, moto wa kufulia ulikuwa sawa. Kosa litafute kwenye hatua za baada ya kufua.

Springi za lori zina kaboni kama asilimia 0.6, na mara nyingi kromi au manganizi kidogo. Kaboni ndiyo inayoshikisha ugumu. Nondo ya kawaida haina ya kutosha. Hutapata tindo ya maana hapo hata uipashe na kuichovya mpaka jioni. Kabla ya kukata, paka springi mafuta ya taa, subiri nusu saa, futa vizuri, kisha ipake unga wa chaki. Ufa wa zamani utachora mstari wenyewe. Hapo tupa, usijipe matumaini.

Fua ikiwa na rangi ya chungwa. Ikirudi kwenye wekundu wa damu, irudishe motoni, maana kuipiga ikiwa imepoa ndiko kunakozaa nyufa. Ukimaliza umbo, ipashe hadi nyekundu ya kung'aa, uiache ipoe yenyewe hewani, mara tatu. Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya mteja, na ndiyo inayorudisha punje kuwa ndogo.

Sasa kukaza, yaani kuupa mdomo ugumu. Fanyia kivulini, kwa sababu jua hudanganya rangi. Pasha sentimita 5 za mdomo, ukigusisha sumaku. Ikiacha kunata umefika nyuzi 770 hivi. Ongeza kidogo tu, 830 hadi 850, ushikilie dakika chache. Katika joto hilo chuma hujipanga upya kuwa austenaiti, ambayo humeza kaboni yote. Ukiipoza polepole, kaboni hupata muda wa kutoka na unapata chuma laini. Ukiipoza ghafla, kaboni inanaswa ndani, na kinachotokea ni matensaiti: ngumu sana, lakini tete kama kioo.

Ghafla haimaanishi maji. Kwenye maji, ngozi ya nje huwa ngumu kwanza. Kisha kiini nacho hugeuka, kikitanuka na kuipasua. Ule mlio wa "ti!" ndani ya ndoo ndio huo. Tumia lita 4 za mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60, ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko wa kuzimia moto. Oili chafu ya injini inafanya kazi, ila moshi wake ni sumu. Ingiza mdomo wima, ukipandisha na kushusha kidogo. Ukiutuliza mahali pamoja, mpaka kati ya pagumu na palaini unakuwa mstari mkali, na tindo itakatikia hapo.

Jaribu kwa tupa: iteleze. Ikiuma, usiirudishe tindo motoni kwanza. Ngozi ya nje huenda imepoteza kaboni kwa upepo mwingi wa mvukuto. Kwangua nusu milimita, ujaribu tena.

Usiilaze tindo hivyo hadi kesho, inaweza kupasuka usiku bila kuguswa. Sugua mdomo kwa msasa hadi ung'ae, kisha laza kiwiliwili juu ya bamba la chuma lililopata moto. Rangi zitatembea kuelekea mdomoni: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau. Kwa kisu, simamisha kwenye manjano, nyuzi 220 hadi 230. Kwa tindo, subiri zambarau ifike ukingoni, karibu 280, kisha chovya kwenye mafuta. Joto hilo hutoa sehemu ya kaboni iliyonaswa, na utete hupungua.

Noa pembe ya nyuzi 60. Kichwa usikikaze kamwe: nyundo ikikipiga, vipande hurukia macho. Kikianza kuchanua kama uyoga, kisage kwa grenda.