Mwanangu, hesabu mikono kwanza

Chake Chake

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza barazani, ya pili chumbani, maana wajukuu walikuwa wakipiga kelele nyuma yako nikawa sikusikii vyema. Umeniuliza hivi: baba yao hatorudi safarini kabla ya Idi, nawe umeshawaahidi kuwapeleka kwenye mapembea ya Kariakoo, hapo Unguja mjini. Mkubwa ana miaka 5, mdogo mwaka na nusu. Je, utawaweza peke yako au uwaambie wangoje mpaka baba yao arudi?

Kuwaweza utawaweza. Hilo wala halinikoseshi usingizi. Ninalolifikiria mimi ni jengine: ukiwa peke yako na wawili, nani kati yao atakayekusaidia bila ya wewe kumwomba?

Idi ya mwaka 1995 sijui kama unaikumbuka. Tulikuwa bado Kikwajuni, mama yenu yuko huku Pemba anamuuguza bibi yenu. Wewe ndiyo kwanza umetimiza miaka 5, mdogo wako ana 2. Jirani yetu wa chini, na unajua alivyokuwa na huruma, alinambia, "Niachie huyu mdogo, mpeleke mkubwa." Nikakataa. Sikuwa na sababu ya maana. Mwezi mzima nilikuwa nikisikia watu wakisema mwanamme hawezi watoto, nikataka wanione ninatoka na wanangu wote wawili, nguo mpya, na kanzu ya mdogo wako nimeipiga pasi kwa mkono wangu.

Baada ya alasiri tukashuka Mnazi Mmoja. Joto la kaskazi, vumbi, vipenga na mapulizo yakipasuka kila upande. Mdogo wako nimempandisha begani, wewe nimekushika mkono. Ule mkono wako wa pili ulikuwa na hina, umefumba shilingi 20 mbili za sikukuu, zile zenye tembo na mwanawe. Hapo ndipo nilipolijua neno mnalonicheka nalo mpaka leo, kila tukipanda boti au daladala: hesabu mikono kwanza, pesa baadaye. Wa kulia unamzuia huyu, wa kushoto unamshika yule. Wa kulipa uko wapi? Wa kufuta pua je?

Pembea ilikuwa ya mbao, vijana wanaizungusha kwa nguvu zao. Mdogo wako alipoiona akaanza kulia anataka. Yule kijana akasema mtoto mdogo vile hapandi ila na mtu mzima. Nikasimama pale, sijui la kufanya. Kiti ni cha watu wawili. Nikipanda na huyu, wewe nakuacha na nani katika kundi lile? Ukaniangalia, ukasema, "Mimi sitaki, baba. Pandeni nyinyi, mimi nitashika viatu."

Nikakusimamisha karibu na mama mmoja aliyekuwa akiuza ubuyu, nikamwomba akutupie jicho. Umekumbatia makubadhi yangu na viatu vya mdogo wako. Kila tukizunguka ninakuona: kichwa na viatu, kichwa na viatu. Hukupunga mkono hata mara moja, kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa. Na mimi kule juu, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Nilisema moyoni, huyu mtoto wangu ana akili ya mtu mzima. Mdogo wako akataka tena, tukarudia. Akataka tena, tukarudia mara ya tatu.

Usiku nakuosha mikono, kiganja umekifumba, hutaki kukifungua. Ulipokifungua, zile sarafu zimo mle mle, zimeacha alama za pembe zake kwenye hina. Nikakuuliza mbona hukununua kitu. Ukanijibu, "Nilikuwa nimeshika viatu."

Miaka yote hii, mwanangu, na jibu lile bado linanichoma.

Mama yenu kila nikilitaja ananigombeza. Mtoto kasema hataki, anasema, wewe unajitafutia dhambi isiyokuwepo. Huenda ndivyo. Kweli ulikuwa mwoga wa vitu vinavyoyumba. Boti ya Mkoani ulikuwa ukiitapikia hata haijang'oa nanga. Lakini mtoto anayeiogopa pembea haitazami vile. Na Idi iliyofuata, mama yenu yupo, ulipanda mara nne mfululizo mpaka tukakuteremsha kwa nguvu. Basi huo woga ulikwenda wapi? Hapana. Ulitaka, ila ulihesabu mikono yangu kabla yangu.

Najua Kariakoo ya sasa si Mnazi Mmoja ile. Tangu ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, walipokijenga upya kiwanja cha Kariakoo, pana uzio, mlango na mashine za umeme, na mtoto hachomoki tu akajikuta kwenye njia ya Michenzani. Huku kwetu pia pana kiwanja cha Tibirinzi, na kila Idi hupita pale nikaangalia. Lakini mashine ni mashine. Anayoiweza mdogo, mkubwa anaona ya kitoto. Anayoitaka mkubwa, mdogo haruhusiwi, na wewe ndiye wa kumzuia akilia. Mwaka jana nilimwona mama mmoja Tibirinzi, mtoto kamfunga mbeleko mgongoni, mkubwa yuko peke yake kwenye kigari kinachozunguka. Yule mama alikuwa akihama. Kigari kikenda kulia naye anakwenda kulia, ili kila mtoto akitokeza auone uso wake. Alitoka jasho kuliko mtoto. Nilimheshimu sana yule.

Kwa hivyo ukenda, mfunge mdogo kwa kanga, usimtegemee kutembea. Idi mosi iache, watu hubanana. Idi nne huwa na nafasi. Chooni ingieni wote watatu, hata kama mkubwa anasema anakwenda peke yake. Namba yako ya simu waandikie mkononi kwa kalamu ya kawaida, si piko, ile rangi nyeusi ya kujichorea, piko inaunguza ngozi za watoto. Na Forodhani usinambie. Najua pale pana michezo ya watoto tangu bustani ilipotengenezwa upya mwaka 2009, na upepo ni mzuri, lakini wale vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani, mdogo akiwaona atawakimbilia, nawe mkono mmoja uko kwa mwenziwe.

Umetaka nikwambie uende au usiende. Mama yenu kanikataza kukukatia shauri, kasema una nyumba yako na akili yako, na kweli unazo. Basi sisemi. Nimeshaandika mstari mzima hapa nikaufuta. Ila wifi yako yupo pale Magomeni, na Idi hii hana mtoto wa kumshika, mikono yote miwili ni mitupu. Mimi jirani aliniomba mwenyewe nikamkataa. Wewe hujamuuliza hata mtu mmoja, au sikusikia vyema?

Na mkubwa akikwambia hataki kupanda, muulize tena, mdogo akiwa hayupo karibu.

Kijana wa jirani anakuja huko kwa boti ya Jumamosi. Nimempa bahasha mbili za sikukuu za wajukuu. Ya mkubwa nimeiandika jina lake kwa wino mwekundu ili zisichanganywe. Asinunuliwe viatu wala daftari la skuli kwa pesa ile, ni ya pembea tu. Akishapanda nipigie, kisha mpe simu mwenyewe anieleze alikaa kiti cha rangi gani na alikuona mara ngapi akiwa juu.

Mama yenu anakusalimu sana, na anasema zile ndoo zake mbili umekaa nazo muda mrefu.

Wasalaam,

Baba yako