MASWALI YA WASOMAJI: Nikibonyeza maiki, sabufa inalia kama bata

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Uyole hapa Mbeya, leseni yangu ya redio ya ridhaa (ile ya kuongea na watu wa mbali kwa kujifurahisha) nimepata TCRA, redio ni ya HF, yaani mawimbi mafupi, wati 100 nimenunua mtumba. Shida spika yake ya ndani ni ndogo afu imeangalia juu, stesheni za mbali usiku sizisikii vizuri, nikaamua kuchomeka kwenye sabufa ya sebuleni. Kupokea iko safi kabisa ila nikibonyeza maiki tu sabufa inalia kwaa kwaa kama bata, watoto wanashtuka usingizini na mama yao amechoka. Antena yangu ni waya mrefu umetoka dirishani moja kwa moja mpaka kwenye mparachichi wa jirani. Ninunue spika gani ambayo haiingiliwi? Bajeti sio kubwa. Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa leseni.

Kabla hujatoa hela mfukoni nikwambie kitu, spika unayoitafuta inawezekana unayo tayari hapo sebuleni. Kinacholia sio spika, ni amplifaya iliyo ndani ya lile boksi kubwa la sabufa. Ile waya uliyotoa kwenye redio kwenda kwenye sabufa, na waya wa umeme, na nyaya za zile spika za pembeni, zote kwa redio yako ni antena, zinadaka mawimbi ukirusha na kuyapeleka ndani kwenye transista au IC ya kwanza, na ile transista inafanya kazi ya ditekta bila kuombwa, inatoa sauti kwenye mawimbi halafu amplifaya inaikuza. Na kwa sababu unarusha SSB, yaani upande mmoja tu wa mawimbi, sauti haitoki kama maneno, inatoka kama bata, ungekuwa unarusha AM wangekusikia unachosema neno kwa neno.

Kwa hiyo jibu langu ni moja tu na nimelishikilia miaka mingi, kwenye meza ya redio weka spika tupu, yaani spika isiyo na amplifaya ndani na isiyochomekwa kwenye umeme. Redio nyingi za HF zinatoa wati 2 mpaka 3 kwenye tundu la spika ya nje na hiyo inatosha chumba kizima, we unasikiliza mtu anaongea, haupigi muziki wa harusi.

Sasa zile spika mbili ndogo za pembeni za sabufa yako, nyingi ni spika tupu. Geuza nyuma usome, utakuta ohm 4 au ohm 8, zote redio nyingi zinakubali ila hakikisha kwenye kitabu cha redio yako. Chukua moja, badilisha plagi iwe ile ndogo ya milimita 3.5, chomeka, sikiliza. Moja tu inatosha. Ukitaka mbili za ohm 4 zifuatanishe zipate ohm 8, usizipige pamoja sambamba maana zinakuwa ohm 2 na amplifaya ya redio itachemka.

Kama hizo za nyumbani hauwezi kuzigusa (na naelewa, sabufa ni ya familia) nenda Mwanjelwa kwa mafundi wa redio, omba spika ya inchi 4 au 5 iliyotolewa kwenye gari au kwenye redio ya zamani. Nenda na betri ndogo ya volti 1.5, gusisha waya mara moja na kutoa, spika nzima itapiga "tap" safi na karatasi yake itasogea, ikikwaruza iache. Ukiwa na mita, spika ya ohm 8 itasoma 6 au 7 hivi, usishtuke ndio kawaida yake. Halafu usidanganyike na besi. Sauti ya SSB iko kati ya hezi 300 na 2700 hivi, spika yenye besi nyingi inakuongezea mngurumo tu na kukuchosha masikio, mi napenda spika ndogo ya karatasi ngumu kwenye kiboksi cha mbao za Mafinga, ndani nimejaza kipande cha blanketi kuukuu, imeangaliana na uso wangu, stesheni dhaifu kabisa naidaka.

Waya wa spika uwe mfupi, mita moja inatosha, na uzisokote hizo nyaya mbili pamoja. Ikitokea bado inalia (inatokea, mawimbi yanarudi kwa huo waya mpaka amplifaya ya ndani ya redio) lehemu kapasita ya seramiki iliyoandikwa 103 kukatiza nyaya mbili za spika, karibu na plagi, miguu mifupi. Kwa sauti ya mtu hiyo kapasita ni kama haipo, kwa megahezi 7 inageuka njia ya mkato ya ohm 2 na kitu. Angalizo hapo, baadhi ya redio hasa za kufunga kwenye gari nyaya zote mbili za spika ni za moto, usije ukaunga hata mmoja na bodi ya redio utaua IC.

Kuna na feraiti, vile vinundu vyeusi kwenye kebo za monita za zamani. Watu wanabana kimoja afu wanasema hakisaidii, na kweli kwa megahezi 7 waya ukipita mara moja tu hausaidii kitu. Tafuta pete kubwa uzungushe waya ndani yake mara 5, uzuiaji unapanda mara 25 hivi, sio mara 5. Ukipata ya kuagiza agiza aina namba 31. Ila zile pete za njano zenye upande mmoja mweupe kwenye pawasaplai za kompyuta ziache, hizo ni za unga wa chuma, hapa hazizuii.

Lakini mwanangu, kinachoniuma zaidi kwenye barua yako ni huo waya wa dirishani. Antena ikianzia mezani kwako nyumba nzima inakuwa ndani ya antena. Zamani nikiwa Forest nilikuwa na waya kama wako, jirani akaja kugonga saa 3 usiku, mtoto wake anaumwa ndo kwanza amelala na sabufa yao inalia kila nikiongea. Sijasahau sura yake. Nilishusha ule waya kesho yake asubuhi. Funga daipo, yaani antena ya waya wenye pande mbili sawa inayolishwa katikati, kwa bendi ya mita 40 (ndiyo hiyo ya megahezi 7) ni mita 10 kila upande, katikati ipande juu mbali na nyumba, na pale kebo ya kutoka redioni inapoungana na antena izungushe mizunguko 10, inakula kama mita 5 ya kebo nyembamba, ili mawimbi yasirudi nyumbani kwa nje ya kebo. Na huyo mwenye mparachichi muulize leo kama na kwake kunalia, usisubiri aje.

SWALI: Fundi habari, mi wa Njombe. Spika ya bluetooth je, si haina waya?

JIBU: Nzuri kaka. Ni kweli waya wa sauti hamna, ila bado ndani kuna amplifaya, na ukiichaji huku unasikiliza chaja yake ya bei rahisi inamwaga kelele kwenye redio mpaka stesheni dhaifu zinazama, jaribu kuichomoa utasikia mwenyewe bendi inavyotulia. Tena sauti inachelewa kidogo, kwa anayepiga mosi (zile alama za nukta na vistari) na kujisikiliza hiyo inavuruga mkono kabisa. Itumie kwa muziki, mezani weka spika tupu.