Laptop ya gemu kwa milioni 1 na laki 2

Mdogo wangu, kama una laki 7 na unataka kukopa laki 5 za riba ununue laptop ya gemu, hapo Mwanjelwa, Mbeya, tafuta iliyotumika yenye kadi ya picha inayojitegemea (kifaa cha kuchora picha za gemu, chenye kumbukumbu yake), mfano GTX 1650 ya GB 4. Kadi huwezi kuibadilisha baadaye. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) utaongeza taratibu. Kabla hujalipa, cheza gemu nusu saa palepale dukani, chaja ikiwa imechomekwa. Sikiliza feni, gusa juu ya kibodi, fungua na ufunge uone bawaba. Niliyojaribu mimi ilizima dakika ya 20, nikaiacha kaunta.

Huo mkopo wa asilimia 10 kila mwezi kwenye deni lote uache kabisa! Miezi 6 ni laki 3 za riba tupu. Ongea na mama akukopee kikoba, au subiri viazi vivunwe.